Kosa la Kumzeesha Mkuu

Nchi yetu ipo, ila msiniulize iko wapi. Nina mke, nina watoto watatu, na nina kibanda cha kushonea viatu mbele ya lango la hospitali kuu, na vyote hivyo bado navihitaji. Toshekeni na haya: ni nchi nzuri, ina mlima, ina bendera, na ina Mkuu Mtukufu ambaye umri wake ni siri ya taifa. Mimi ni raia mwema. Kila ninachowaeleza hapa nakieleza kwa nia ya kuisifu Serikali, na mkiona mahali nimeteleza, jueni ni gundi ya viatu imenipanda kichwani.

Mambo yalianza siku redio ilipotangaza kwamba fedha zetu hazina mila. Lo, tulishtuka! Noti zetu za zamani zilikuwa na picha ya kiboko, na sisi wajinga tulimpenda kiboko wetu. Unampa mtu kiboko, anakupa unga, kila mmoja anaenda zake. Kumbe tulikuwa tunaishi katika aibu. Msoma taarifa alisema kiboko yule alichorwa na mkoloni, na kwamba taifa linalotumia fedha isiyo na mila zake linatembea uchi mbele ya mataifa. Mke wangu aliinuka akafunga dirisha.

Ikaundwa Tume ya Kubuni Mila na Sarafu, mwenyekiti Profesa Manyanga Kigodi, mtu mwenye sauti nene na koti zito hata jua likiwa kali. Jambo la kwanza Tume ilisafiri kwenda kutafuta mila zetu. Ilizitafuta ng'ambo, katika nchi moja yenye theluji, ikakaa huko karibu mwaka mzima kwa posho. Msicheke. Profesa alieleza redioni kwamba mila zako ukizikaribia mno huzioni vizuri. Walirudi wamenawiri mashavu, kila mmoja na masanduku yake, wakatuambia kazi ilikuwa ngumu.

Kisha wakachimba shimo nyuma ya Wizara, wakafukua ubao. Nilikuwepo, tulifungishwa vibanda ili tukashangilie.

"Ndugu wananchi!" Profesa alinguruma. "Mababu zetu hawakuwa na mifuko. Sasa nawauliza, mtu asiye na mfuko anaweka wapi fedha zake? Juu ya ubao! Anaubeba mbele ya kifua, fedha imelala, imenyooka, inapumua. Na ushahidi ndio huu!"

Tukapiga makofi. Ubao wenyewe ulikuwa na bawaba mbili na tundu la kitasa. Mzee mmoja aliyesimama karibu nami akasema, tena kwa sauti, kwamba huo ni mlango wa choo cha bwana shauri, mkuu wa wilaya wa enzi za mkoloni, yeye mwenyewe aliwahi kuupaka rangi. Profesa hakukasirika hata kidogo. Alisema bawaba zinatuonyesha mababu walikuwa wameendelea kiasi gani. Mzee yule akachukuliwa na vijana wawili kwenda kuelimishwa, na hajarudi mpaka leo. Nadhani masomo ni marefu.

Noti mpya zikatoka. Jina lake tukufu: tukufu moja, tukufu kumi, tukufu mia. Kwenye kila noti kuna uso wa Mkuu kutoka picha aliyopigwa akiwa kijana, mwaka ule aliotuokoa, mashavu laini, nywele nyeusi tii, meno yote mahali pake. Na sheria yake ikatoka pamoja nayo. Noti ibebwe juu ya ubao. Isikunjwe, isitiwe mfukoni, isilaliwe, isifutikwe, isifungwe katika nguo. Profesa alitufafanulia sababu, polepole, akijua tuko wazito.

"Noti ikikunjwa, uso unapata kunyanzi. Uso ukipata kunyanzi, Mkuu anaonekana mzee. Na Mkuu si mzee."

Likazaliwa Kosa la Kumzeesha Mkuu. Adhabu yake kifungo bila faini, kwa kuwa faini ingelipwa kwa zile zile noti zilizokunjwa, na Serikali ingejikuta inamzeesha Mkuu kwa mikono yake.

Mbao za kubebea fedha zilitengenezwa na kiwanda kimoja tu, cha mkwe wa Mkuu, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa ameshakata msitu mzima miezi michache kabla. Bei yake ilikuwa ya kumtoa mtu machozi. Vibaka hawakuamini macho yao. Kazi iliyokuwa inataka vidole vyepesi na miaka ya mazoezi, sasa watu wazima wanapita mbele yao na hela zimeanikwa kifuani! Kibaka mmoja ninayemshonea raba aliniambia ameacha wizi kwa sababu hauna heshima tena. Na upepo ukivuma, mtaa mzima ulikuwa unakimbia huku umeinama, kila mtu anamwomba Mkuu wake asimame.

Lakini nataka niseme jambo moja. Katika Tume nzima hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuuza kitu sokoni. Angekuwepo, angejua kwamba wanawake wa nchi yetu wanafunga hela kwenye pindo la kanga. Wanaikunja, wanaisokota ndani ya pindo, wanapiga fundo, wanalifutika kiunoni. Mama zao walifanya hivyo, na bibi zao, tangu hela ilipofika. Kama ni mila ya fedha, tulikuwa nayo, inatembea mtaani mchana kweupe, haina haja ya kufukuliwa. Basi haikuonekana.

* * *

Sasa nije kwa jirani yangu Siwema, kwa sababu habari hii ni yake.

Siwema anauza vitumbua pale pale langoni, hatua chache kutoka kibandani kwangu. Mjane, mtu wa maneno makali na mkono mwepesi wa kuongeza kitumbua cha bure kwa mgonjwa. Mtoto wake ni mmoja tu, Hidaya, mwalimu wa chekechea, na mumewe Hidaya yuko migodini. Mwaka ule Hidaya alikuwa na mimba, na kliniki walishamwambia mtoto amelala vibaya, hatatoka ila kwa kupasuliwa. Kwa hiyo Siwema alikuwa anaweka akiba ya upasuaji. Kila jioni, akishaondoa ya unga na ya mafuta, kilichobaki kilikwenda kwenye pindo.

"Dada, sheria," nilimwambia siku moja.

"Sheria gani, kaka? Mkono huu nimeshika kijiko, mkono huu namvuta mteja asinikimbie. Huo ubao wao nitaushika kwa meno?"

"Punguza sauti, kuna watu."

"Wasikie! Hela yangu inalala ilikolala ya mama yangu. Nikishamtoa mjukuu wangu salama, waje wanifunge, nitawapikia na vitumbua huko ndani."

Hidaya alishikwa na uchungu asubuhi mapema. Aliletwa kwa bajaji, amejikunja, anamsihi mama yake asipige kelele. Daktari wa zamu, kijana mwenye huruma, alimgusa tumbo akasema apasuliwe sasa hivi, tena sasa hivi kweli. Ukutani palikuwa na maandishi makubwa: HUDUMA YA UZAZI NI BURE. Na ni kweli, ni bure kabisa. Unalipia uzi, glovu, sindano ya usingizi, na ufunguo wa chumba cha upasuaji.

Siwema alikimbilia dirisha la malipo, nami nyuma yake, nimemwacha mteja wangu amesimama na kiatu kimoja. Alilifungua fundo kwa meno, maana lilikuwa limekaza kwa miezi. Noti zikaanguka mezani zimesinyaa kama majani ya chai yaliyokwisha chemshwa, zinanuka nazi na iliki. Karani wa dirishani, kijana anaitwa Fumbuka, alirudi nyuma na kiti chake.

"Mama! Umemfanya nini Mkuu?"

"Nimemtunza. Hesabu, mwanangu, zimetimia. Binti yangu anasubiri kupasuliwa."

"Mama, mtazame! Tazama paji la uso, tazama hapa chini ya macho! Amezee..." Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Askari wa mlangoni alisikia, akageuka haraka akatazama ukuta, kwa sababu kusikia nako kuna kifungu chake.

"Zipokee hivyo hivyo," nikamwambia. "Mtu anakufa, wewe."

"Baba, nikizipokea mimi ndiye nimemzeesha. Na mimi nina mama." Alikuwa analia, sitamsingizia. "Zipelekeni Kituo cha Kunyoosha. Mkirudi nazo zimenyooka, naapa nitakimbia mwenyewe kuchukua huo uzi."

Nilitoa za kwangu. Zilikuwa ndani ya soksi, hizo ndizo usiseme. Watu wa foleni wakapekuana, mama mmoja akatoa sidiriani, mzee mmoja akatoa ndani ya kofia, zote zimekunjamana. Mtu mmoja tu alikuwa na ubao, na noti juu yake nyororo, kama zilivyotoka kiwandani. Alitutazama, akatazama wodini alikolala mkewe, akaweka kiganja juu ya noti zake. Simlaumu. Kwa nini nimlaumu?

* * *

Kituo cha Kunyoosha kilikuwa posta ya zamani, upande wa pili wa mji. Kunyoosha noti nyumbani kulipigwa marufuku tangu fundi cherehani mmoja alipomuunguza Mkuu sikio kwa pasi ya mkaa. Afisa mpokeaji alikuwa amevaa glovu nyeupe, safi, zile zile ambazo hospitali walikuwa wanaziuza. Alizichukua noti za Siwema moja moja, kila moja akiiinamia na kusema, "Pole, Mtukufu."

"Baba, nina haraka," Siwema akasema. "Pitisha pasi tu."

"Mkuu hapigwi pasi kama suruali, mama. Anaoshwa kwa maji ya vuguvugu, analazwa kati ya vitambaa, anapumzishwa."

"Mpaka lini?"

"Mkuu haharakishwi."

"Basi nirudishie zangu, nitajua pa kwenda."

"Noti yenye kunyanzi hairudi mikononi mwa raia. Shukuru umekuja mwenyewe, ungekuwa ndani saa hizi." Akamsogezea stakabadhi yenye mhuri.

Na tazama bahati ya mtu! Siku hiyo hiyo Profesa Manyanga alikuwa pale, anawapa maafisa semina. Akatoka na koti lake, na watu nyuma yake wamembebea ubao. Siwema alimwendea, akapiga magoti, akashika pindo la lile koti. Sijawahi kumwona Siwema akimpigia mtu magoti.

"Baba, mwanangu ana mtoto tumboni hatoki. Sheria ni yako. Sema neno moja tu hawa wanipe hela yangu."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama, naguswa sana. Lakini hebu tujifunze kwa mababu. Mababu zetu walijifungua bila uzi, bila glovu, na hawakulalamika."

"Umejuaje hawakulalamika?"

"Utafiti, mama." Kisha akaona lile pindo la kanga, bado lina alama ya fundo. "Na hiki ni nini?"

"Ndipo tunapofungia hela."

"Nyote?"

"Wanawake wote, baba. Hujawahi kuwa na mama?"

Profesa akamgeukia msaidizi wake. "Inavutia," alisema. "Haimo kwenye matokeo yetu." Msaidizi akatikisa kichwa kwamba kweli haimo, na wakaingia kwenye gari.

Tulirudi hospitali na stakabadhi. Fumbuka aliisoma mbele, akaigeuza nyuma, akaisoma tena, anatafuta mahali palipoandikwa kwamba inatosha. Haikuandikwa. Daktari alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono mitupu juu ya magoti. Alipomwona Siwema akasimama, na Siwema akajua. Hidaya alikuwa ametangulia muda mfupi kabla hatujafika, na mtoto ndani yake.

Niliwaambia mimi ni raia mwema, na bado ni raia mwema. Lakini siku ile nilikasirika. Nilikasirika mpaka wiki nzima nikashindwa kupitisha sindano kwenye soli. Msichana wa watu anakufa kwa sababu ya mikunjo kwenye karatasi! Nilitaka kumtukana mtu, na mtu wa kumtukana alikuwa kwenye kila noti, anatabasamu, kijana, hana habari. Gundi, ndugu zangu. Niacheni niendelee.

* * *

Watu wa mtaani walianza kunong'ona, na minong'ono ikifika Wizarani huwa inafika imekua. Serikali ikaamua kuonyesha huruma. Ilitangazwa kwamba Siku ya Sarafu, uwanjani, Mkuu Mtukufu mwenyewe atamkabidhi mama wa marehemu rambirambi ya tukufu mia, mpya kabisa, juu ya ubao uliopakwa dhahabu. Siwema alipewa kanga mpya na maneno ya kusema. Maneno yalikuwa "Asante, Mtukufu, hujabadilika."

Tulijaa uwanjani. Bendi ikapiga. Mkuu akaletwa jukwaani na wanaume wawili, mmoja kila upande, miguu yake inagusa chini kwa adabu tu. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kumwona kwa karibu. Kichwa kilikuwa kipara, midomo imeingia ndani, uso umekunjamana wote. Tukajikumbusha kwamba si mzee, tukashangilia.

Profesa alisoma hotuba ndefu, kisha akamkabidhi Mkuu noti ili amkabidhi Siwema. Mkuu aliishika. Akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Kipaza sauti kilikuwa mdomoni pake.

"Kijana huyu ni nani?"

Profesa alijikohoza. "Ni... ni taifa, Mtukufu."

"Simjui," akasema Mkuu, kama mtoto aliyepotea njia.

Ndipo Siwema alipofanya alichofanya. Aliichukua noti kutoka vidole vya mzee yule, akaifumbata, akaifinya kwa ngumi ile inayofinya nazi kila siku, mbele ya jeshi, mbele ya mabalozi. Kisha akaikunjua taratibu, akaitandaza kwenye kiganja, akamwinulia.

"Huyu hapa, mzee wangu. Mtazame sasa."

Mkuu aliinama. Alitazama mikunjo kwenye paji la uso, na ile iliyoshuka pembeni mwa mdomo. Uso wake ukachangamka.

"Ehee!" akasema. "Huyu namjua. Ni mimi."

Na akacheka, kicheko kidogo kisicho na meno, akampiga piga Siwema mkononi. Kwa kuwa Mkuu amecheka, tukacheka. Kwa kuwa amepiga piga, tukapiga makofi. Siwema hakucheka. Wakamkamata alipofika geti la nyuma, kwa adabu, wasiwaharibie watu sherehe.

* * *

Profesa ana akili, hilo hamtanibishia. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amechimba shimo lingine, refu zaidi, na humo akagundua kwamba ule ubao ulikuwa wa wavamizi. Mababu wenyewe hasa, wale wa chini yake, waliheshimu kunyanzi. "Kunyanzi ni hekima!" alinguruma. "Fedha iliyonyooka ni fedha isiyo na uzoefu!" Noti mpya zikachapishwa zikiwa na mikunjo tayari, kila mkunjo umepimwa na Tume, Mkuu amekuwa babu mwenye macho ya upole. Likazaliwa Kosa la Kumvua Mkuu Hekima, na noti zote zilizonyooka zikawa haramu. Yule mtu wa hospitali, mwenye ubao, nasikia walimchukua na ubao wake.

Nami nikauliza, kwa unyenyekevu tu: kama kunyanzi ni halali, Siwema amefungiwa nini? Nikajibiwa kwamba alikunja mapema, kabla ya tangazo.

Alipotoka kifungoni alikuwa amekonda, na nywele zimepata mvi mbele. Kitu cha kwanza aliniomba nimsindikize kuchukua hela yake, maana stakabadhi aliificha katika nguo zake, nazo walimrudishia. Tulikwenda posta ile ya zamani. Kibao cha mlangoni kilikuwa kimepakwa rangi upya: KITUO CHA KUKUNJA. Afisa yule yule, glovu zile zile.

Alitafuta kwenye kabati, akaleta bahasha. Noti za Siwema zilikuwa nzuri ajabu, zimeoshwa, harufu ya nazi imetoka, Mkuu kijana anatabasamu moja baada ya nyingine, hana hata alama.

"Pole, mama," afisa akasema. "Hizi sasa ni kosa. Lakini nikuandikie stakabadhi nyingine, tukukunjie."

"Itachukua muda gani?"

"Mkuu haharakishwi."

Siwema akainua bahasha, akazitoa. Afisa akatutazama, kisha akageuka akatazama ukuta, na hapo nikajua kwamba naye amezaliwa na mwanamke. Siwema akashika pindo la kanga yake, akazikunja mara mbili, akazisokota, akapiga fundo, akalikaza kwa meno, akalifutika kiunoni. Tukatoka nje kwenye jua.

Nilitaka kumfariji, punda mimi. Nikamwambia, "Dada, usijali. Zikikaa humo wiki mbili tatu zitapata kunyanzi zenyewe, zitakuwa halali."

"Ndiyo, kaka, zitazeeka," akasema Siwema. "Sasa kila mtu ameruhusiwa kuzeeka, isipokuwa Hidaya wangu."